Kibarua Kwenye Picha ya Wanafunzi

Leo chuo nilichosoma kimenifanya kibarua.

Mjukuu wangu Salma, aliyeko Riyadh, kanitumia picha kutoka ukurasa wa mtandaoni wa chuo hicho, kilichoko Ugiriki. Vijana watano mbele ya kichwa cha zamani cha treni tulichokuwa tukikikarabati.

"Babu, huyu wa mwisho si wewe?"

Ni mimi.

Chini yameandikwa majina ya wanafunzi wanne, kisha: "na kibarua Mwafrika."

Sote watano tumevaa ovaroli zilezile za karakana.

Nikawaandikia chuoni kuwa huyo wa mwisho ni mimi. Wamejibu kwa adabu wakiniuliza nilikuwa kibarua wa idara gani. Wallahi nimechemka. Shahada yao imetundikwa ukutani kwangu hapa Jeddah.

Nimewajibu kwa Kigiriki walichonifundisha wenyewe: andikeni jina langu, au iondoeni picha.

Ninyi mngenyamaza?