Wanjugu Anayengoja Kuzaliwa

Kila asubuhi, kabla mumewe Kihara hajafumbua macho, Waithera alijinyoa ndevu nyuma ya pazia la chumba chao cha kupanga pale Karagita, nje ya mji wa Naivasha. Alianza na kidevu, akaja mashavuni, akamalizia juu ya mdomo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Waithera ilikuwa wembe. Kazini, kwenye shamba la maua alikopanga waridi kwa urefu wa shina, alivaa barakoa hata mahali pasipo na vumbi. Angeruhusiwa, angelala nayo.

Tangu aolewe, hedhi yake ilikuja ilipotaka. Kisha ikakoma kabisa, na tumbo likaanza kujaza sketi. Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu. Hawaongezi kwamba mawingu mengine hupita juu ya Mlima Longonot yakaenda zake. Waithera hakupima. Angepima nini na tumbo analiona? Ukweli ni kwamba aliogopa jibu. Badala ya kwenda kliniki alimpigia simu mama mkwe akamwambia ana mimba.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Wanjugu, mama yake Kihara, mjane aliyeishi Sachangwan, alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Na kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba; siku hiyo watu husema nyanya amezaliwa. Wanjugu alikuwa amepeleka uji na kuni kwa majirani wote waliozaliwa hivyo, kisha akarudi kwake akiwa bado hajazaliwa. Sasa, akiamini huyu ni binti, alipiga simu kila jioni, akicheka kama msichana.

"Waithera, mimi naendeleaje huko ndani?"

"Unaendelea poa, mami."

Lakini mtoto hakucheza. Wiki zikapita, hakucheza. Mwishowe Waithera akaenda kliniki mjini Naivasha, daktari akapitisha mashine tumboni, akairudisha tena polepole.

"Mama, hakuna mtoto hapa," alisema. Kisha akamtazama kidevu. "Homoni za kiume zimezidi mwilini mwako. Ndizo zinaleta hizo ndevu na huo unene wa tumbo, na zinazuia mayai kukomaa, ndio maana hedhi inapotea. Ukiacha hivi hata sukari inaweza kupanda. Lakini kuna dawa. Wengine wanapata watoto."

"Wengine?"

"Siwezi kukuahidi, mama."

Waithera aliketi kwenye benchi la nje akashindwa hata kulia. Si ndevu zilizomuumiza, wala sukari. Alikuwa akiiwaza simu ya jioni.

Kihara alipoambiwa, alikuna kichwa. "Si umwambie wewe," alisema. "Mimi siwezi." Mwanamume mzima! Akavaa koti, akatoka kwenda kuangalia mpira.

Waithera hakusema. Jioni ile na zilizofuata alijibu "unaendelea poa," akikata simu upesi. Hadi Jumamosi moja Wanjugu alipobisha hodi mwenyewe, na njahi, yale maharagwe meusi, kwenye kiondo. Njahi ni chakula cha mzazi aliyejifungua. Mkikuyu hana haja ya kuelezwa. Akazibandika jikoni bila kuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Wacha nikupikie. Mzazi anaanza kula mapema."

Waithera alimfuata jikoni. Asubuhi hiyo hakuwa amejinyoa. Hakuwa tena na nguvu ya kushika wembe. Akauchukua mkono wa mama mkwe, akauweka kidevuni mwake. Vidole vya mzee vikapapasa, vikasimama. Ndipo Waithera akayasema yote ya daktari, akilia kwa sauti hadi majirani wakazima redio.

Wanjugu aligeukia jiko. Akaikoroga sufuria muda mrefu.

"Kwa hivyo mimi sikuwa hapo," alisema. "Siku zote hizo nikiuliza, sikuwa hapo."

"Nisamehe, mami."

"Kula. Zimeiva."

Waithera akala njahi za mzazi huku machozi yakimwingia kinywani, na Wanjugu akamtazama hadi sahani ikaisha. Hakumtukana. Heri angemtukana. Kisha akakunja kiondo chake kitupu, akaenda kutafuta gari la kurudi Sachangwan.

Jioni simu ikalia, saa ileile. Waithera akaipokea. Alimsikia mama mkwe akipumua upande wa pili, na wote wawili wakalingoja lile swali.

"Nimefika," alisema Wanjugu mwishowe, akakata.