Nadhiri ya Viraka

Wajukuu zangu wananiambia kuna watu wanaopanda ndege na watoto wao, wanakwenda nchi ya barafu isiyoona jua miezi, wanakaa huko wiki nzima wakitetemeka, halafu wanarudi kwao wakisema wamestarehe. Tena wanatafuta kwenda kwa bei nafuu! Mimi hucheka mpaka nashika mbavu. Lakini nikishacheka nanyamaza, maana na sisi tuliwahi kwenda likizo ya baridi, baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya, tena kwa bei ya bure kabisa. Tulikwenda kisiwani Rongui, wakati wa kipupwe, vita vikiwa vimepamba moto. Tangu siku hizo sijaogopa tena namna ile, na Mungu aniepushe.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Palma, akishonea kwenye baraza ya duka la mtu. Wakati ule hutoki mjini kwenda popote bila guia, karatasi ya ruhusa kutoka posto, ofisi ya serikali ya Wazungu. Kwenda shamba, guia. Kwenda kumzika shangazi yako kule Pundanhar, guia, na ukicheza utaipata hata hitima imeshasomwa. Bara huko walikuwako wapiganaji wa msituni waliotaka kuwatoa Wazungu, na sisi tulikuwa tunasikia milio tu, ikija na upepo. Askari waliwaogopa watu wa msituni, watu wa msituni walijihadhari na askari, na sisi wa pwani tuliwaogopa wote. Mama alikuwa hata akisikia mlango wa jirani umebamizwa, anamkumbatia mtoto kwanza, halafu ndiyo anauliza kuna nini.

Na alikuwa na sababu. Mvua za mwaka ule mdogo wangu alishikwa na degedege mara mbili. Mara ya pili macho yalipinduka yakabaki meupe, mwili ukakakamaa kama ubao, na mimi nilijua anakufa. Mama akatoka nje kwenye mvua, kichwa wazi, akaweka nadhiri kwa sauti hata majirani wakasikia: mtoto akivuka mvua hizi, atampeleka Rongui kwenye mzimu, afukize ubani, apike wali wa nazi wenye sukari, na atundike nguo. Ndivyo watu wetu walivyokuwa wakifanya. Mwalimu wa chuo cha Kurani akisikia anakunja uso, lakini mkewe mwenyewe alishakwenda mara mbili, na mji mzima ulijua.

Nguo ya nadhiri ina sharti lake. Ukishaitundika, imekwisha. Inaachwa hapo mpaka upepo na jua viimalize. Ukiishusha kwa mkono wako, umeirudisha nadhiri, na ulichopewa nacho kinarudi kilikotoka. Hakuna aliyenikalisha kunifundisha jambo hili. Nililijua kama nilivyojua kwamba moto unaunguza.

Mtoto akavuka mvua. Baba akamshonea karani wa posto suruali mbili, akarudi na guia ya siku tatu, kifua mbele.

“Mke wangu, Wazungu wakichoka wanachukua familia wanakwenda likizo, férias,” akasema. “Na sisi tunakwenda férias.”

“Férias gani na baridi hii? Utaipata férias ya kikohozi,” mama akamjibu. Lakini siku hiyo hiyo alianza kutwanga muhogo mkavu.

Tulibeba unga kikapu kimoja, mchele wa nadhiri kibaba kimoja, nazi nne, chumvi, majani ya chai na sukari iliyofungwa kwenye pindo la kanga ya mama. Kitoweo tutakikuta baharini. Ikabaki nguo. Kwa desturi hununuliwa mpya, nyeupe na nyekundu. Mama alikwenda dukani, akauliza bei, akarudi mikono mitupu. Baba akavuta gunia lililokuwa chini ya cherehani, amelijaza viraka vilivyobaki kwenye nguo za watu.

“Mzimu hauulizi risiti,” akasema, na mama kwa mara ya kwanza tangu mvua akacheka.

Akashona jioni moja. Nyeusi ilitoka kwenye mabaki ya buibui, kijani kwenye pazia la duka, njano sijui kwenye gauni la nani, na upande wa kufungia mtini akatia kiraka chekundu. Ikatoka ndefu kunizidi mimi, mishono yote imenyooka. Baba aliishika kwa ncha mbili, akaizungusha mbele yetu akijisifu. Nyumba nzima ile, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bendera ya watu wa msituni. Tungeionea wapi?

Jirani yetu mvuvi akatupeleka kwa ngalawa yake, baba akitapika tangu tunatoka mpaka tunafika, na mama akimwambia mtoto, “Mwangalie baba yako anavyostarehe.” Jirani akatushusha, akaahidi kutufuata siku ya tatu, akaondoka. Nilisimama ufukoni mpaka tanga lake likawa dogo. Kisiwa kilikuwa kimya. Zamani wavuvi walikuwa wakipiga dago, kambi yao ya uvuvi, pale, lakini tangu vita waliogopa, na vibanda vyao vilibaki vimelala upande. Baba akaezua kimoja akaezekea kingine.

Baridi ya kusi kwenye kisiwa kitupu, loo! Inaingia mpaka kwenye meno. Tulilala wanne chini ya tanga kuukuu na magunia mawili, miguu yangu mgongoni kwa baba, naye analalamika kwamba nimeletwa kumuua. Asubuhi akatuita, “Haya, wenye férias, amkeni!” Akaingia majini akarudi na pweza, midomo imembadilika rangi, mama akampa chai ya moto na kumsugua mgongo kwa kanga. Sijawahi kuwaona wakichezeana hivyo mchana kweupe.

Tukaenda mzimuni, kwenye jabali la matumbawe upande wa bahari kuu. Mama akafukiza ubani, tukala wali kwa mikono kwenye jani, na baba akasimamisha mti wa mkoko aliouokota ufukoni, mama akaifunga nguo yake kwa mkono wake mwenyewe. Upepo ukaikamata palepale. Mama akalia, akacheka, akamwinua mtoto aione.

Alasiri ikapita ndege ndogo, chini chini. Ikatuvuka, ikarudi, ikazunguka lile jabali, ikaenda zake. Baba aliipungia mkono. Mimi niliingia kibandani nikajifunika gunia, na mama hakunicheka.

Kesho yake asubuhi waliingia na lanchi. Nilisikia injini kabla sijaiona. Walishuka askari saba, maji yakiwafika magotini, bunduki juu. Mkubwa wao alikuwa Mzungu kijana, pua imechubuka kwa jua. Pamoja nao alikuwako askari mweusi wa kutafsiri, Mmakua kwa lafudhi yake, aliyemwita baba “mzee” ingawa baba hakuwa na mvi hata moja. Walituswaga mpaka kwenye jabali, chini ya ile nguo.

“Mkubwa anauliza, bendera hii kaitundika nani?”

“Si bendera, mwanangu,” baba akasema, akitoa guia kifuani. “Ni nguo ya nadhiri. Mtoto huyu aliugua.”

Wakasemezana. Karatasi hawakuitazama.

“Anasema rangi hizi ni za wale wa msituni. Anasema ndege imeziona. Unamwashiria nani?”

Nikamwona baba akiinua macho kuitazama nguo, na nikaona anavyoelewa, kidogo kidogo. Uso ulimshuka. “Mimi ni fundi cherehani,” akasema. “Ni viraka, baba. Wallahi ni viraka tu.”

Mkubwa akasikiliza, akatikisa mabega, akasema neno refu. Yule wa kutafsiri akalitoa polepole: “Anasema, haya. Kama ni viraka, ishusheni, muifumue mbele yake, kiraka kimoja kimoja. Mtu haonei uchungu viraka.”

Lilikuwa jambo la haki, ukilifikiria. Baba akapiga hatua moja kuelekea kwenye mti.

“Usiiguse!” Mama alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. “Usithubutu! Waniue mimi kwanza, nguo hiyo haishuki!”

Maskini mama yangu. Alikuwa anamwona mtoto wake tu, macho meupe, kwenye mvua ile. Hakujua amesema nini. Yule wa kutafsiri alifumba macho, na mkubwa hakungoja tafsiri. Nani anayelilia viraka hivyo? Wakampiga baba nyuma ya magoti akaanguka, wakamshika shati, na mmoja akamwekea mtutu wa bunduki kisogoni. Baba alikuwa anatweta kama mtu aliyekimbia, na mimi mkojo ukanitoka ukashuka miguuni, wa moto kwenye baridi ile.

“Mama,” yule wa kutafsiri akasema, sauti ya chini, na safari hii hakuwa akitafsiri la mtu. “Shusha. Huyu hana utani. Juzi tu...”

Mama alikuwa na mtoto mgongoni, amelala, mdomo wazi. Hakumtazama baba. Pengine alijua akimtazama atashindwa. Alinitazama mimi, mtoto wa miaka kumi, kanga imelowa. Alikuwa ananiuliza. Mimi nilikuwa namtaka baba yangu. Sikuwaza degedege wala mzimu wala mdogo wangu, nilitaka ule mtutu utoke pale ulipo. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mama akafungua mbeleko, akaniwekea mtoto mikononi, akaenda kwenye mti. Alikifungua kifundo alichokifunga mwenyewe. Akaketi mchangani akaanza kufumua kwa meno, maana hatukuwa na wembe, mshono baada ya mshono, na mishono ya baba ilikuwa imara, haikuachia upesi. Midomo ilimtoka damu. Nyeusi ikawekwa kando, kijani kando. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu kwa nguvu mpaka akaamka akalia, na alipolia nilishukuru, maana nilikuwa nangoja anyamaze moja kwa moja.

Mkubwa aliokota kiraka cha njano, akakigeuza. Kulikuwa na nusu ya tundu la kifungo, na mstari wa chaki ya baba. Akakitazama sana. Halafu akamtazama baba, akasema neno, na askari wote wakaangua kicheko. Wakamwachia shati. Viraka wakavichukua vyote, wakatutupia guia yetu, wakaondoka na lanchi yao. Mimi mpaka leo sijui kilichowachekesha ni kipi.

Baba alibaki amepiga magoti muda mrefu. Mama hakwenda kwake. Alimchukua mtoto mikononi mwangu na kumwekea sikio kifuani, akakaa hivyo.

Jirani alikuja siku ile ile jioni, na mpaka anafika tulikuwa hatujawasha hata moto. Baba alijaribu mara moja: “Nitashona nyingine, mama watoto. Nyeupe na nyekundu, nitanunua.” Mama akamwambia anyamaze. Hakumlaumu hata siku moja, lakini hawakuchezeana tena mchana mbele yangu.

Degedege haikurudi, wala mwaka ule wala mwaka mwingine. Mtu mwingine angepumua. Mama hakupumua. Mtoto akianza kutambaa, mama yuko nyuma. Akienda chuoni, mama amekaa ng’ambo ya njia anajifanya anachambua mchicha. Alipopelekwa jandoni mama hakula, na wanawake wenzake walimcheka. Vita vikaisha, watu wakacheza ngoma barabarani, na bendera ile ile ikapandishwa pale posto mbele ya macho yetu. Baba akaitazama akasema, “Mimi niliishona vizuri zaidi.” Watu wakacheka. Mama alimshika mdogo wangu mkono akarudi naye nyumbani.

Baba alitangulia. Mama akafuata miaka mingi baadaye, adhuhuri moja, baada ya kuugua wiki mbili. Asubuhi ya siku hiyo aliwatoa watu chumbani, akaniita.

“Siku ile,” akasema, “nilikuona ulivyotikisa kichwa.”

Hatukuwahi kulisema neno hilo, yeye na mimi, tangu utoto wangu. Nikaanza kulia, nikamwambia nilikuwa mdogo, nisamehe mama.

“Sikukuita nikulaumu. Nimechoka tu. Sasa mwangalie wewe.”

Mdogo wangu ni mzee sasa, ana wajukuu, ana magoti mabovu na mdomo mrefu. Habari hii haijui. Nimwambieje? Nikimwambia ataogopa naye, na hofu hii inamtosha mtu mmoja. Kila asubuhi nakwenda kwake kabla sijanywa chai, nasimama dirishani mpaka nimsikie anagombana na mtu. Akinikuta huniambia, “Dada, utanizika kwa kunichungulia.” Namwambia nimekuja kuomba moto wa kuwashia jiko. Kwangu viberiti viko tele, naye anajua. Leo alikohoa mara tatu, nikakaa kwake mpaka adhuhuri.