Majani Darajani

Mtunza farasi wa ile kambi ndogo ya mahema, huko milimani Muleba, hakuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi alipitisha vidole chini ya mkanda wa tandiko mara tatu, akamsalimia farasi kwa Kihaya, ndipo akamkumbuka mgeni. Bibi Annastella, mgeni wake wa siku kadhaa sasa, alishamjua: mambo yakiharibika, sauti yake hushuka. Siku hiyo farasi aliingiza miguu ya mbele kwenye daraja la magogo, akaona maji ya korongo kupitia nyufa, akagoma, anatetemeka, na bibi yuko mgongoni. Huku mwamba, huku korongo. Pa kushukia hakuna.

“Si nilikuambia upite kwa miguu, mama?”

“Nilikataa nikiwa chini, nije nikubali huku juu?”

“Basi usitikisike,” akanong’ona. Akajifunga kamba ya farasi kiunoni, akang’oa majani ukingoni, akayatandaza juu ya magogo, kama sisi Wahaya tunavyotandaza nyumbani mgeni akija.

“Karibu ndani, waitu,” akamwambia farasi, kwa neno la Kihaya la kumheshimu mgeni.

Farasi akanusa. Akavuka. Ng’ambo, bibi akashuka; yule bwana akaushika mkanda wa tandiko aufungue, vidole vikamkatalia.

“Fungua wewe, mama,” akasema, na sauti bado iko chini.