Nilivyosuuza Glasi za Bosi Lin

Acheni niwasimulie mwenyewe, maana rafiki yangu Anna akinitangulia, mtaa wetu wote wa Xiaobei utajua.

Mwaka wa sita huu nanunua mikoba hapa Guangzhou, China, na mila za mezani najisifu nimezikamata. Chai ya kwanza hainywewi. Ni ya kusuuzia vikombe, kisha inamwagwa bakulini, na mdogo ndiye anayewasuuzia wakubwa.

Jumamosi bosi Lin, anayeniuzia mikoba, alitualika mimi na Anna kuonja mvinyo wa dada yake, anayelima zabibu kwenye milima ya baridi huko kaskazini. Dada alitumiminia kidogo mno kutoka kichupa chake, kama dawa ya kikohozi. Katikati ya meza kulikuwa na bakuli tupu. Nikajua moja kwa moja: hii ya kusuuzia. Anna, ambaye Kichina anakijua kuliko mimi, alikuwa nje anaongea na simu.

Nikasimama kwa adabu zote. Nikasuuza glasi yangu, ya bosi, ya Anna, hata ya dada mwenyewe, nikimwaga moja moja huku natabasamu kama bibi harusi. Bosi na dada yake wakanikodolea macho. Nikadhani wamependezwa.

Nikamsogezea dada glasi, amimine sasa ya kunywa. Akainamisha chupa. Likadondoka tone moja.

Anna akaingia, akaona bakuli, akashika mdomo. "Mama Neema! Bakuli hilo ni la kutemea wanaoonja! Mwaka alipotengeneza mvinyo huo, baridi iliunguza mizabibu yake. Hiyo ndiyo chupa pekee iliyobaki!"

Dada akanishika bega, akasema kitu taratibu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama glasi zimetakata."