Mjomba wa Mlandege na Dizeli ya Mashine

Nalinda mnara wa simu mlimani, juu ya Mbalizi, huku Mbeya. Nyumba yangu iko hapohapo chini yake, kwa hiyo siku ya posa ya binti yangu nilikuwa kazini na nyumbani kwa pamoja.

Masika yale nguzo za umeme zilikuwa zimelala matopeni, na gari letu la mafuta limekwama Igawa. Jenereta ya mnara ikakauka, tukabaki na betri. Na mshenga ameshakaa sebuleni anamenya viazi. Viazi vya kwetu huku, ukivipata na maharage mabichi... basi, turudi kwa mshenga.

Mke wangu Mhehe. Kwao binti haolewi mpaka mjomba atamke, na mjomba anakaa Mlandege, kule Iringa. Tukampigia, simu tukaiweka mezani wote tusikie.

"Kamwene," akaanza. Sasa, salamu ya Kihehe haina haraka. Akauliza wazee, watoto, mahindi, mpaka ng'ombe wetu wa pembe moja, ambaye alishakufa. Ikabidi tumpe habari za msiba.

"Shemeji," nikasema, "betri za mnara zinaisha."

"Pole. Na hizo zilikuwa zinaumwa?"

Alipofika "Sasa, huyu mtoto wetu," simu ikakata. Jikoni binti yangu akaangusha mwiko.

Mshenga akafuta mikono. "Nikirudi bila jibu, wazee wangu watajua mmekataa."

Nikashuka mbio kwenye mashine ya kusaga, maana ile nayo inakunywa dizeli. Mwenye mashine akakumbatia dumu lake. "Hii ya unga. Kina mama hawa watasonga mtandao?"

Bibi mmoja kwenye foleni akatua debe lake la mahindi. "Mimi ugali nimekula tangu nizaliwe. Harusi nimeikosa mwaka mzima. Lete hilo dumu."

Wakapanda nalo wakipokezana kichwani, mimi nyuma nimebeba faneli. Jenereta ikakohoa, ikashika. Muda si muda simu ikaita.

"Kamwene," mjomba akaanza upya.

Mke wangu akainyakua. "Kaka, ng'ombe alishakufa. Mtoto anaolewa, haolewi?"

"Si nilishakubali? Nimekubali, nikawausia maharusi, nikaimba na kawimbo. Mkanyamaza kimya. Nikasema, kumbe watu wa Mbeya siku hizi wana adabu."