Nakala Ambazo Hakuzifungua

Mtaani walimwita Bado Kidogo, na jina likamkaa. Ukimpelekea kompyuta yako Jumatatu, Jumatano anakuambia bado kidogo. Ijumaa unarudi umevimba kwa hasira, anakuwashia mashine inayokwenda vizuri kuliko siku uliyoinunua, na hasira inakwisha yenyewe. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa mtu wa kujaribu. Mashine haikutoka kwenye chumba chake cha kazi mpaka iwe imeteswa saa kumi na mbili mfululizo, prosesa ikikokotoa hesabu ngumu bila kupumzika, naye akipita kila mara kuigusa ubavuni kama mama anayepima homa ya mtoto. Alikuwa pia na sheria moja ambayo wateja wake walishaichoka: usifute asili kabla hujaifungua nakala. Kunakili si kuona, aliwaambia. Ifungue kwanza, uitazame, uisikilize, ndipo ufute.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye nataka kuwaeleza habari zake, na mnajua wenyewe kwamba kinyozi hajinyoi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, miaka ishirini na sita ya a, e, i, o, u, na sauti yake ilifika barabarani bila yeye kuipandisha. Fundi alimwita Mwalimu kama walivyomwita watu wote, naye alimwita mumewe Fundi. Sauti ilipoanza kukwaruza, walidhani ni vumbi la chaki. Mwalimu akanywa maji ya moto, akanyamaza Jumamosi na Jumapili nzima, wapi. Mpaka anakubali kwenda hospitali, uvimbe ulikuwa umeshalishika koo. Daktari hakuzunguka. Kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Atapona, Mungu akijalia, lakini hatazungumza tena. Upasuaji ni baada ya siku kumi na nane.

Wakarudi nyumbani. Walipofika mlangoni, Mwalimu akasema, "Binti yako anajifungua mwezi ujao."

"Najua."

"Huyo mjukuu hatanisikia, Fundi."

Fundi alitamani kulia, lakini aliona aibu kulia mbele ya mtu ambaye mwenyewe hakuwa analia.

"Usinitazame hivyo," Mwalimu akasema. "Kazi ya mashine unaijua. Nirekodi."

Wakapanga. Mwalimu angetunga hadithi mwenyewe, mpya kabisa, si zile za vitabuni ambazo mtu yeyote anaweza kumsomea mtoto. Kila moja ingekuwa na umri wake: ya mtoto anayeota meno, ya anayeogopa kwenda shule, ya aliyegombana na rafiki, mpaka ya mtu mzima aliyevunjwa moyo na hataki kula. Angezisimulia bila kuandika, kama alivyozoea darasani. Shuleni wakamwazima kinasa sauti kidogo. Binti yao akashauri kwa simu kwamba watumie tu simu, lakini Fundi alikataa. "Simu inaibana sauti ya mama yako," akasema. "Mimi nataka sauti yake yenyewe." Basi akakiweka kinasa kwenye ubora wa juu kabisa, na kadi yake ndogo ikawa inajaa kwa hadithi mbili. Zikishahamishiwa kwenye kompyuta, kadi inafutwa ili ipatikane nafasi ya nyingine.

Shida ilikuwa jirani. Ukuta kwa ukuta na nyumba yao palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, na msumeno wake ulianza kulia asubuhi na kunyamaza jioni. Fundi alikuwa na programu ya kuisafisha sauti, kuitoa kelele na kumwacha msemaji, lakini kompyuta ya nyumbani ilikuwa kuukuu. Hadithi moja ilichukua saa tano. Naye Mwalimu alikuwa na sharti: kila hadithi aisikie ikiwa imesafishwa, ili pale alipokosea arudie angali na sauti. Hadithi zaidi ya ishirini, saa tano kila moja, na marudio juu yake: piga hesabu wewe mwenyewe. Siku zisingetosha.

Ndipo Fundi akaamua kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani. Alikuwa amewafanyia hivyo vijana wengi wa michezo ya kompyuta, haikuwa kazi ngeni kwake. Ila prosesa yake ilikuwa ya zile zilizofungwa, huwezi kuiambia yenyewe ikaze mwendo. Njia iliyobaki ni kuongeza mdundo wa madabodi, ile bodi kubwa ambayo kila kitu kimechomekwa juu yake. Na kwenye bodi za zamani, ngoma ikiongezwa kasi wanacheza wote, hata shangazi mwenye magoti mabovu: prosesa, rami inayoshika kazi ya wakati huo, na njia inayopeleka data kwenye diski.

Mara ya kwanza skrini ikawa ya bluu kabla hata mashine haijamaliza kuwaka. Akaiongezea prosesa volteji kidogo. Ikawaka, ikafanya kazi robo saa, ikajizima. Akafungua kava na kugusa bodi pale inapolisha prosesa umeme, akaunguza kidole. Akafunga feni ndogo hapo kwa waya. Ikaenda dakika arobaini, ikaganda. Akashuku rami, akaishusha ngazi moja ili isilazimike kukimbia na wenzake. Safari hii ikatulia. Alikuwa amekwisha kupoteza siku moja na nusu.

Akaanza lile jaribio lake la saa kumi na mbili. Kutoka chumba cha pili akamsikia Mwalimu anakohoa, anajaribu sentensi, anakohoa tena, anaianza upya. Dakika ishirini zilipotimia Fundi akalikatisha jaribio.

Msinitajie ile ya haraka haina baraka. Mtu anayesikia sauti ya mkewe ikiisha kama betri, mwambie wewe asubiri.

Saa tano zikawa saa tatu, na wakaingia kazini kwelikweli. Asubuhi Mwalimu anarekodi, mchana Fundi anasafisha, jioni wanasikiliza pamoja, yeye na hedifoni, Mwalimu na spika ndogo. Mwalimu alikuwa mkali. "Hapo nimemeza neno, narudia." Au, "Hapo niko sawa, usiniguse." Fundi aliitikia kwa kichwa, jicho kwenye namba ya joto, sikio likiwinda mabaki ya ule msumeno. Akisikia kimluzi chembamba nyuma ya maneno, anarudi kukikata. Mwalimu akamtania: "Wewe na huyo jirani mmependana." Akikubali hadithi, Fundi anaihifadhi kwenye diski, anainakili kwenye flashi mbili, anafuta kadi. Nyakati hizo walikuwa na furaha, lazima niseme ukweli. Walicheka kuliko walivyocheka kwa miaka mingi.

Lakini walichokuwa wakikisikia kilikuwa bado kimeshikwa na programu, hakijaandikwa popote. Kilichokwenda kuandikwa kwenye diski, hakuna aliyekifungua. Na flashi zote mbili zilichota hukohuko.

Asubuhi moja mashine ilipowaka iliandika kwamba diski ina matatizo na inataka kujikagua, bonyeza kitufe chochote kuruka. Wateja wake alikuwa akiwafokea kwa kuruka hapo. Akatazama saa. Akabonyeza. Fundi mzima, mwenye mvi, akabonyeza.

Hadithi zilifika ishirini na mbili. Siku ya upasuaji, wauguzi wakiwa wameshakishika kitanda kukisukuma, Mwalimu alimvuta Fundi mkono.

"Umezihifadhi?"

"Mara tatu."

Akaridhika, akaachia mkono. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa kinywa.

Alirudi nyumbani na tundu shingoni na daftari la mistari, na alikuwa anapona. Binti yao akajifungua msichana, akaja kukaa nao. Asubuhi ya siku ya tatu tangu mtoto aingie nyumbani, Fundi alikwenda chumba cha kazi kuandaa hadithi ya kwanza. Faili ikakataa kufunguka. Akafungua ya pili, ikatoa mlio kama bati linalokwaruzwa. Ya tatu ikakataa. Akachomeka flashi ya kwanza, kisha ya pili. Yaleyale, kosa kwa kosa. Akakaa chini sakafuni.

Kwa siku tano aliifanyia mashine yake kila alichopaswa kuifanyia mwanzo. Alirudisha mipangilio yote ya kiwandani. Alijaribu prosesa peke yake, ikapita. Alijaribu rami, ikapita. Akarudisha ule mdundo wa haraka na kuandika faili mia ndogondogo kwenye diski, kisha akazisoma: kumi na nane zilikuwa zimeharibika, na mashine haikuganda hata mara moja. Hapo ndipo alipomjua mwizi. Alikuwa ameishushia rami mwendo, volteji ameiongeza, joto amelitoa, lakini diski ameisahau, kwa sababu diski hailii. Inaandika upuuzi kwa adabu na kukuambia tayari.

Akaipeleka diski kwa fundi mwenzake wa upande wa pili wa mji, mtu ambaye walikuwa wakisemana vibaya kwa wateja. Yule bwana akakaa nayo siku mbili, na Fundi alipoirudia, hakumkejeli.

"Kilichofutwa huwa narudisha, kaka," akasema. "Chako hakikufutwa. Kiliandikwa vibaya. Na kadi?"

"Niliirudisha shule. Wamerekodi vikao juu yake."

"Nimekuokolea dakika kumi na moja za hadithi moja. Pole sana."

Siku zote hizo Mwalimu alikuwa akimwandikia daftarini: Leo tusikilize? Naye akijibu, "Bado kidogo, kuna kelele naitoa." Alikuwa anadanganya mtu asiyeweza hata kumkatiza, na alijiona mdudu.

Alipotoka kwa yule fundi hakupita chumba cha kazi. Aliingia sebuleni moja kwa moja. Mwalimu alikuwa kwenye kochi amemlaza mjukuu mapajani, binti anakunja nguo za mtoto.

"Mwalimu, hadithi zimeharibika," akasema. "Mimi ndiye niliyeziharibu. Imebaki moja, nayo haijakamilika."

Binti akaacha nguo. "Baba, si ulisema ziko sehemu tatu?"

"Zote zilitoka mahali pamoja, mwanangu. Sikufungua hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Binti akafunika uso kwa kanga ya mtoto na kulia. Mwalimu hakulia. Alimtazama mumewe, tundu la shingoni likivuta hewa kwa sauti, akachukua kalamu. Akaandika: Iweke hiyo iliyobaki.

Fundi akaiweka. Sauti ya Mwalimu ikajaa chumba, safi, bila msumeno, kama vile mwenyewe amesimama ubaoni. Ilikuwa ile ya mtoto anayeogopa kwenda shule. Palikuwa na mama mshonaji aliyepewa kazi ya kuushonea mlima shati, kwa sababu mlima ulikuwa unasikia baridi na ulikuwa unaona haya kusema. Mtoto akageuza kichwa upande wa spika. Binti akajifuta macho. Mshonaji akapanda na futi yake ya kupimia, akapima bega la kwanza, akapima bega la pili, akafika shingoni, na mlima ukamwambia, "Mama, kabla hujaendelea, nataka nikuulize," na hapo ukimya ukaingia.

Mwalimu alifungua kinywa kumalizia. Lilikuwa jambo la mazoea tu. Midomo ikaunda neno zima, hewa ikatokea shingoni, na mtoto akaendelea kutazama spika.

Akaandika haraka, akamgeuzia Fundi daftari: Mmalizie mtoto. Wewe uliisikia yote, siku nzima, mara tatu.

Fundi akasoma. Akafikiri kwa nguvu zake zote. Aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka mpaka dakika ambayo joto lilifika themanini na mbili, na kimluzi alichokikata mara nne, na mahali ambapo Mwalimu alicheka. Mlima uliuliza nini, hakujua. Wala hadithi iliyotangulia ilihusu nani, hakujua. Katika zote ishirini na mbili asingeweza kusimulia hata moja.

"Baba?" binti akasema.

"Siijui," Fundi akajibu. Akamgeukia mkewe. "Sikuwa nakusikiliza wewe, Mwalimu. Nilikuwa nasikiliza kelele."

Mwalimu akafunga daftari, akaliweka chini ya mto wa kochi pamoja na kalamu, akamwinua mtoto begani. Siku hiyo hakumwandikia tena neno.