Marangu ya Aisilandi

Nikiri kwanza, kicheko kije baadaye: mimi ndiye niliyekwaruza neno MARANGU kwenye mlima wa watu huko Aisilandi. Kwa kisigino cha buti la kuazima. Herufi saba, kila moja imenizidi kimo.

Hizo zilikuwa enzi zetu. Nina miaka kumi na sita, kwa hiyo enzi zetu ni miaka minne iliyopita, lakini ukiwatazama watoto wanaoanza sekondari sasa utadhani imepita karne. Sisi tulisafiri na shule tukiwa na chapati za mama ndani ya foili, na basi zima likanuka iliki na soksi mbichi. Tuliimba mpaka mwalimu wa jiografia akaomba huruma. Hawa wa leo wanasafiri kimya, kila mtu na visikio vyake, na wakishuka wanaupiga mlima picha kabla hawajautazama. Sisi tuliutazama kwanza. Kisha tukauharibu.

Kosa lilianzia ndani ya basi. Rafiki yangu Tresor, Mkongomani mzaliwa wa Goma, aliutazama ule mlima wa volkano iliyolala, akaguna. "Huu nao mlima? Kwetu Goma moto unashuka mpaka mjini." Kisha akanigeukia. "Na weye, kwenu wapi? Thornton Heath?"

Basi zima likacheka. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli: kwetu ni mtaa huo huo wa Landani. Wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, ni Mama. Mimi nilipelekwa mara moja, nikiwa na miaka sita, nikakaa wiki mbili na kulia kila nilipowekewa mtori, ile supu nzito ya ndizi. Nyumbani Mama alisema Kiswahili, mimi nikajibu Kiingereza. Lakini siku ile moyo wangu ulijaa Kilimanjaro tupu. Wenzangu waliposhuka kula, nikapanda mteremko uliofunikwa kuvumwani, lile zulia la kijani linaloota juu ya mawe, laini kama godoro jipya, nikaanza kuandika kwetu.

Mwenye shamba alinikuta kwenye U. Bibi Gudrun, mfugaji wa kondoo, mrefu, sweta la sufu mpaka magotini. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Hii ikikwaruzwa inarudi polepole sana," alisema. "Mimi sitakuwepo ikirudi. Ninyi Waingereza mna makasri na makumbusho. Babu zetu hawakutuachia makasri. Walituachia hii."

"Mimi si Mwingereza!" nikafoka. "Mimi wa Marangu!"

"Basi nenda ukaikwaruze Marangu."

Tresor alicheka mpaka akapaliwa na chapati. Chapati yangu.

Bibi Gudrun akamwambia mwalimu kwamba shule yetu isikanyage tena ardhi yake. Nyumbani wa kwanza kulia alikuwa mdogo wangu Neema, aliyekuwa akihesabu miaka zamu yake ifike. Mama alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka kazini, anakowahudumia wazee wa watu. Akaisoma barua ya shule akiwa bado na sare.

"Uliandika nini huko?"

"Marangu."

Nilitegemea kofi, au angalau hotuba. Badala yake akaenda dirishani kwenye chungu cha isale. Madukani hapa mmea huo unauzwa kama pambo la sebuleni. Sisi Wachaga tunaupanda kwenye mipaka ya mashamba, na aliyekosa hupeleka jani lake kuomba msamaha. Mama akachuma jani, akalifunga fundo, akalitia kwenye bahasha pamoja na barua yangu ya kuomba radhi.

"Mama, yule Mzungu. Hatajua maana yake."

"Ana shamba, hana shamba?"

"Analo."

"Basi atajua. Andika hapo chini: kwetu ukiletewa isale, hukatai."

Wiki tatu Neema hakusema nami, isipokuwa kila asubuhi kunikumbusha kwamba hasemi nami. Kisha jibu likaja. Bibi Gudrun alikuwa amelipigilia jani juu ya mlango wa zizi, na alitaka kujua kama linahitaji maji. Shule inakaribishwa, aliandika, isipokuwa yule mwandishi.

Mwaka huu zamu ya Neema imefika. Amerudi na picha. MARANGU yangu bado ipo, inasomeka kuliko mwandiko wangu wa daftarini. Imezungushiwa kamba, na kando kuna kibao cha Bibi Gudrun: "Kazi ya mgeni mmoja, dakika kumi." Mbele yake watalii wamepanga foleni. Enzi zetu mtalii aliharibu kwa kisigino chake mwenyewe. Siku hizi anapanda ndege kwenda kupiga picha mahali alipoharibu mwenzake.

Hata hivyo nazikumbuka zile siku. Tulikuwa na miaka kumi na miwili, na kila mtu alikuwa na kwao, kwa kelele. Sasa mimi na Tresor tukiulizwa tunakotoka tunasema Landani, kisha tunaendelea na safari yetu.

"Mama!" nikasema. "Nimekuwa kivutio cha utalii!"

Mama akaichukua simu ya Neema, akaikuza picha kwa vidole viwili, akapita herufi moja moja, M mpaka U. Akanikabidhi.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Marangu ya Aisilandi wanakujua. Ya kwetu ukifika leo, watauliza: huyu mtoto wa nani?"